Mtoto na Mbwa Ndio Wapange Safari

Shule zikishafungwa mwishoni mwa mwaka, Eldoret huwa jiji la kufunga mizigo. Anayekwenda Kapsabet au Kitale hana mambo mengi. Anapanda matatu asubuhi, na chakula cha mchana anakila kwao. Mazungumzo ya leo yanamhusu yule mwingine, mwenye familia aliyeahirisha mwaka baada ya mwaka na sasa ameapa kwamba Desemba hii ni Mombasa: baba, mama, watoto, gari dogo lililotoka kwa fundi juzi, na mbwa ambaye watoto wamekataa katakata aachwe. Kutoka hapa hadi baharini ni takriban kilomita 800. Mpango unaosikika sana ni huu: watoto walale na nguo za safari, gari ling'oe nanga saa kumi alfajiri, kusiwe na kusimama simama, na jua likizama tuwe tumeshaiona minazi. Mpango huo naupinga. Ninavyoona mimi, mwendo wa safari ya familia, vituo vyake, na hata idadi ya siku zake, si mambo ya kuamuliwa na aliyeshika usukani. Waachiwe wale wasiojua kuendesha, yaani mtoto aliye mdogo kuliko wote, na mbwa. Wala sisemi hivi kwa kuwaonea huruma. Nasema hivyo kwa sababu ndani ya gari lile hakuna mwingine anayeweza kumwokoa dereva na ubishi wake mwenyewe.

Tuanze na sheria. Sheria ya Trafiki ya Kenya, kifungu cha 66A, inamkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha kwa zaidi ya jumla ya saa 8 katika muda wowote wa saa 24. Umoja wa Ulaya, ambako barabara ni pana na taa ziko kila mahali, unampa dereva wa lori saa 9 kwa siku ya kawaida, na akishaendesha kwa saa 4 na nusu lazima apumzike dakika 45. Hao ni watu wa kazi, waliosomea kazi, wanaolipwa kwa kazi. Sasa hesabu ya baba yetu wa Eldoret: saa 6 hivi kufika Nairobi, saa 8 nyingine kufika Mombasa, na hapo hatujataja foleni, vizuizi vya polisi wala pancha. Jumla ni saa 14 na zaidi, na hakuna kifungu kinachomgusa, kwa kuwa gari ni lake na abiria ni wanawe. Watafiti wa Australia walichapisha katika jarida la Nature, mwaka 1997, matokeo ambayo yangefaa kubandikwa kwenye kila kituo cha mafuta: mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hufanya makosa sawa na mlevi mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Baba aliyeamka saa tisa usiku ili aondoke saa kumi anazifikisha saa hizo 17 saa mbili usiku. Saa mbili usiku, kwa mpango ule na vituo vichache vya lazima, yuko wapi? Yuko karibu na Mariakani, gizani, katikati ya malori yanayotoka bandarini, na nyuma yake watoto wamelala vichwa vikiyumba.

Mwili wa mtu mzima una ujanja mbaya: unaweza kudanganywa. Kahawa, muziki wa sauti ya juu, dirisha wazi, maneno ya kujipa moyo kwamba Voi si mbali. Kanuni za barabarani za Uingereza zinamshauri dereva apumzike angalau dakika 15 kila baada ya saa 2, na madereva wa huko huupuuza ushauri huo kama wa huku tunavyoupuuza wetu. Lakini mtoto wa miaka minne hapuuzi kibofu chake. Mtoto mchanga hafai kukaa amejikunja kwenye kiti cha gari kwa muda mrefu kupita saa hizo hizo 2. Na daktari wa mifugo ukimuuliza kuhusu mbwa, atakwambia kila baada ya saa 2 au 3 ateremshwe, anywe maji, ajinyooshe, ajisaidie. Miili mitatu tofauti, na yote inadai takriban muda uleule; isipokuwa mmoja huona aibu kudai. Mtoto akilia na mbwa akianza kuhema na kuzunguka, wanamdai dereva kile ambacho ubongo wake umekuwa ukikiomba tangu kitambo. Katika mji huu wa wakimbiaji, jambo hili halihitaji maelezo marefu. Eliud Kipchoge alipomaliza umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna, Oktoba 2019, walikuwapo wakimbiaji 41 wa kumwekea mwendo, na kazi yao haikuwa kumhimiza tu aongeze kasi. Walimshikiza kwenye mwendo uliopangwa, asiutoke kwa kuuzidi wala kwa kuupungukia.

Na barabara yenyewe, tuiangalie jinsi ilivyo. Ukitoka Eldoret unapanda kupitia Burnt Forest hadi Timboroa, juu ya mita 2,700, ambako ukungu wa alfajiri unaweza kuificha taa ya nyuma ya lori hadi uwe karibu kuligusa. Malori hayo ndiyo yanayobeba shehena ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo; barabara hii ndiyo mlango wao wa bahari, na gari la familia ni mgeni ndani yake. Baada ya Mau Summit ardhi inaanza kushuka kuelekea Nakuru, na mteremko wa Sachangwan na Salgaa umeshajaza makaburi. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka na kuua zaidi ya 100. Tarehe 31 Desemba 2017, kabla ya mapambazuko, basi na lori viligongana ana kwa ana pale Migaa, karibu na Salgaa. Walikufa watu 36. Kwa miaka mingi imelalamikiwa tabia ya baadhi ya madereva wa malori kuutoa mtambo kwenye gia pale mteremkoni ili waokoe mafuta, breki zikabaki zinabeba uzito wote peke yake hadi zinashika moto. Baadaye pande mbili za barabara zilitenganishwa kwa ukuta katika sehemu hiyo, na ukuta huo umesaidia. Lakini ukuta unazuia magari ya upande wa pili yasikuvamie. Hauwezi kumzuia dereva wa nyuma yako asisinzie, wala wewe.

Tazama pia faida inayotafutwa. Kilomita 100 kwa mwendo wa 80 ni dakika 75. Kwa mwendo wa 100 ni dakika 60. Kwa hiyo hatari yote ya kupita malori kwenye kona za Timboroa, kuchomoza pua ya gari na kurudi, kuwasha taa kwa hasira, inakununulia dakika 15 kwa kila kilomita 100, tena hapo ni kama njia ni nyeupe, na Desemba njia haiwi nyeupe. Dakika 15 ni kituo kimoja cha mtoto kwenda haja. Kenya hupoteza watu zaidi ya 4,000 barabarani kila mwaka, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kote ulimwenguni ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hazizidiwi hata na malaria katika umri huo. Tunawachanja watoto, tunawalaza ndani ya neti, kisha tunawapakata kiti cha mbele kwa saa 14.

Hilo la kupakata lina mashabiki wengi, kwa hiyo nilizungumzie kidogo. Mama anaamini mikono yake. Fizikia haina heshima kwa mama. Gari likigonga kitu kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao wengi wetu tungeuita wa kobe, kila kilicho huru ndani yake huendelea mbele kwa nguvu inayoweza kufika mara 20 au 30 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 anakuwa mzigo wa kilo 200 na zaidi. Hakuna mikono inayoweza kuushika. Kiti cha mtoto kilichofungwa vizuri hupunguza sana vifo vya watoto wachanga, na ndiyo maana bei yake, ambayo ni kubwa kwa wengi, inafaa kuhesabiwa pamoja na petroli wala si pamoja na vinywaji. Kanuni hiyohiyo ya nguvu inamhusu mbwa. Mbwa wa kilo 20 aliyeachwa ajitembeze kiti cha nyuma, siku ya breki kali, anakuwa jiwe linalorushwa kwenye shingo za watoto. Afungwe kwa mshipi wa kifuani ulionaswa kwenye mshipi wa gari, au awe ndani ya kizimba kilichofungwa kisiteleze. Ile picha ya mbwa aliyetoa kichwa dirishani, masikio yakipepea, inapendeza hadi kokoto iliyorushwa na tairi la trela inapompata jichoni.

Familia nzima kuvuka nchi si jambo geni katika uwanda huu wa Uasin Gishu. Wafugaji walikuwa wakihama na watoto, wazee, ndama na mbwa muda mrefu kabla ya kuwapo lami, na msafara uliokwenda kwa kasi ya fahali ulifika bila ndama. Kisha mwaka 1908 wakaja Makaburu wa Jansen van Rensburg kutoka Afrika Kusini, kuja kukaa kwenye ardhi ambayo wenyeji wake walikuwa wamevunjwa nguvu miaka mitatu tu nyuma, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alipouawa. Sina sababu ya kuwashangilia. Lakini safari yao ina somo la mwendo. Walikuja kwa meli hadi Mombasa, kwa reli hadi Nakuru, na kutoka hapo wakafunga mikokoteni ya ng'ombe, na wake na watoto ndani. Waliondoka Nakuru mwezi Agosti, wakafika Sergoit mwezi Oktoba, baada ya kukwama kwenye tope la misitu ya Timboroa. Njia ambayo leo ni saa 3 iliwala zaidi ya miezi miwili, kwa sababu ng'ombe anayevuta akichoka husimama, na hakuna matusi ya kumwondoa. Injini haichoki mbele ya dereva, na hapo ndipo tulipopoteza kipimo.

Sasa mbwa, maana najua ndiye anayezua mabishano. Kabla hajapanda gari, chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo inafaa kurudiwa kila mwaka, na cheti chake kiwe mkobani. Ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 duniani kwa mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wanne katika kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, matibabu yamechelewa. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030, na lengo hilo haliwezi kufikiwa ikiwa kila Desemba tunasafirisha mbwa wasiochanjwa kutoka kaunti hadi kaunti. La pili ni joto. Mbwa wa Eldoret amezoea baridi ya mita 2,100. Hana jasho la kumpoza kama letu. Kupumua kwake kwa ulimi nje ndiko kupoa kwake. Gari lililozimwa juani linaweza kuongeza nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10 tu, na kufungua dirisha kwa upana wa vidole viwili hakusaidii kitu. Kwa hiyo pale Mtito Andei, familia ikishuka kula, mbwa anashuka pia na anafungwa kivulini, na mtu mzima mmoja anakaa naye. Asiachiwe kichakani: kutoka hapo hadi Voi barabara inapita Tsavo, na ndani ya mbuga za taifa mbwa haruhusiwi hata akiwa mshipini. Pwani kwenyewe kuna kupe wengi, na upande wa Shimba Hills kuna mbung'o, ambaye ugonjwa wake huwashika mbwa vibaya sana. Mambo haya yote yanamtaka mtu aonane na daktari wa mifugo wiki kadhaa kabla, si asubuhi ya kuondoka.

Hapo pingamizi la kwanza linajileta lenyewe: ikiwa ana shida zote hizo, si abaki nyumbani alinde boma? Kwa mbwa wengi, jibu ni ndiyo. Mbwa mzee, mgonjwa, mkali kwa wageni au asiyewahi kupanda gari hata la kwenda sokoni, hastahili mateso ya kilomita 800, na mtu wa kumlisha akipatikana, abaki. Ninachokataa ni kumfunga mnyororo na kumwachia sufuria ya ugali huku majirani nao wamesafiri. Anayeamua kumbeba, basi ambebe kwa masharti yake mbwa. Wapo pia watakaosema kwamba Mombasa si mahali pa kupeleka mbwa, na wana haki. Kwa Waislamu wa pwani, ambao wengi wao ni wa madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mgeni anayemwingiza mbwa sebuleni kwa mwenyeji wake, penye mswala, amekosa adabu hata kama mbwa ameoga. Lakini adabu ina njia yake. Watu wa Pangoni katika Sura ya Al-Kahf walikuwa na mbwa wao, naye alijinyoosha pale kizingitini. Kizingiti kinatosha. Uliza mwenyeji mapema. Akisema hapana, hapana yake isijadiliwe, na ndugu aliye nje ya mji mwenye ua mkubwa atafutwe.

Pingamizi la gharama ni zito zaidi, na silidharau. Kulala njiani ni pesa, na nyumba nyingi za wageni hazipokei mbwa, kwa hiyo lazima mtu apige simu kabla. Hata hivyo, ni familia ngapi za Eldoret zisizo na shangazi Nakuru, mjomba Nairobi au mtoto wa ndugu anayefanya kazi Athi River? Tunawakumbuka kwenye harambee. Tuwakumbuke na kwenye safari. Mimi ningeshauri kulala ukishaivuka Nairobi, maeneo ya Athi River au Machakos Junction, ili alfajiri ya siku ya pili foleni ya jiji iwe nyuma yako, na mteremko wa kwenda Voi uupate kabla jua halijakaza. Hapo kila siku inakuwa na chini ya saa 8 za usukani, zilezile ambazo sheria imempa dereva wa basi.

Wako watakaoniambia kwamba haya ni ya wenye magari, na kwamba Wakenya wengi husafiri na watoto kwa basi au matatu, ambamo mbwa hapandi na kituo kinaamuliwa na dereva. Ni kweli, na hao ndio wenye haki ya kwanza katika kifungu cha 66A. Anayekata tiketi ya moja kwa moja kutoka Eldoret hadi Mombasa ana haki ya kuuliza ofisini kama basi lina madereva wawili, na anaweza kuchagua basi la mchana na kuikata safari Nairobi kwa jamaa. Sheria za Waziri Michuki za mwaka 2004 zilileta mishipi na vidhibiti mwendo ndani ya matatu, na mishipi hiyo iko kwa ajili ya mtoto pia, kama amelipiwa kiti badala ya kubanwa kati ya magoti. Kuna na wanaosema tusubiri barabara pana, sasa kwa kuwa upanuzi wa Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa mwishoni mwa 2025. Uje upesi. Lakini hata ukikamilika, kutoka Mau Summit kuja Eldoret ni njia ileile, na barabara pana haipanui kibofu cha mtoto wala haimwongezei dereva usingizi. Mara nyingi humwongezea kasi.

Hoja inayonipa taabu kweli ni ya kurudi. Wakati wa kwenda, bahari inamvuta kila mtu, na ni rahisi kukubaliana kwamba tufike kesho. Januari ni mwezi mwingine. Pesa zimekwisha, karo inadaiwa, bosi anasubiri Jumatatu, watoto wameungua jua na wamechoshana, mbwa ana kupe, na baba anaona saa 14 zile si kitu, mradi alale kitandani kwake. Familia nyingi hupanga siku mbili za kwenda na siku moja ya kurudi, nayo mara nyingi huwa ile ya mwisho kabisa ya likizo. Tena kurudi ni kupanda: kutoka usawa wa bahari hadi Timboroa, na mlima wenyewe wa Salgaa unaupata jioni, nyuma ya malori yanayotambaa. Kwa hiyo anayeomba likizo kazini aanze kuhesabu kutoka mwisho, akate siku mbili za kurudi kabla hajagawa za kuogelea. Ikibidi, Mombasa zibaki siku nne badala ya tano.